Louis Braille, Kijana Kipofu Aliyewapa Vipofu Kitabu

Watoto, usiku usio na mbalamwezi zimeni taa nyumbani, kisha fungueni kitabu hiki. Mtaona nini? Hamtaona kitu. Herufi zote zipo, hata moja haikutoka mahali pake, lakini macho hayawezi kuzisoma. Sasa pitisheni kidole juu ya ukurasa. Kidole nacho hakitambui neno, maana wino umelala juu ya karatasi wala haukuinuka. Hivyo ndivyo kitabu kilivyo kwa kipofu: karatasi laini, isiyosema lolote.

Hapa Kindu mnawafahamu vipofu. Pengine mmemwona mmoja sokoni, ameshika fimbo, na mtoto ameshika ncha ya pili akimwongoza. Watu humpa franka chache, kisha wanapita. Ni wachache wanaosimama kujiuliza kama mtu huyu angeweza kusoma, au kufundisha, au kupiga kinanda kanisani. Na mara nyingi kipofu mwenyewe, kwa kuwa tangu utoto wake amesikia maneno ya kumhurumia tu, anaamini kwamba kweli hawezi kitu.

Somo letu ni habari ya kijana aliyekataa kuamini hivyo. Jina lake Louis Braille.

1. Mtoto wa fundi wa ngozi

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchini Ufaransa. Toka Coupvray mpaka mji mkuu wa Paris ni mwendo wa kilometa 40 hivi. Alikuwa mtoto wa nne, tena wa mwisho. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi. Zamani hizo hapakuwa na motokari. Watu walisafiri kwa farasi, na fundi huyu alishona matandiko na hatamu za farasi. Kazi yake ilisifiwa, na nyumba yake haikupungukiwa mkate.

Siku moja ya mwaka 1812 Louis, akiwa na miaka mitatu, aliingia peke yake katika chumba cha kazi cha baba yake. Akaona vipande vya ngozi, akaona na vyuma vikali. Akataka kufanya kama baba. Akashika msharasi, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akaanza kutoboa. Ngozi ilikuwa ngumu, mkono ulikuwa mdogo. Chuma kiliteleza, kikamchoma jicho.

Wazazi walijitahidi kumtibu, lakini siku zile waganga hawakuwa na dawa ya kuzuia usaha katika kidonda kama kile. Ugonjwa ukatoka katika jicho moja ukaingia katika jicho la pili. Alipofika miaka mitano, Louis alikuwa kipofu kabisa. Tangu hapo hakuona tena mwanga wa jua, wala uso wa mama yake.

Tazameni sasa walivyofanya wazazi wake. Hawakumficha katika chumba cha nyuma. Hawakumpeleka njiani kuomba. Baba alimchongea fimbo, naye akajifunza kwenda kijijini peke yake. Tena baba alichukua ubao, akapigilia misumari kwa umbo la herufi, ili mtoto azijue kwa vidole. Paroko wa Coupvray, Padri Jacques Palluy, akamwita kwake akamfundisha. Kisha Padri akazungumza na mwalimu wa kijiji, Antoine Bécheret, amkubali Louis katika nyumba ya masomo pamoja na watoto wanaoona.

Mwalimu akakubali. Louis aliketi, akasikiliza, akashika kila neno kichwani. Katika masomo ya kusikiliza hakuachwa nyuma na wenzake. Lakini saa ya kufungua vitabu ilipofika, yeye alibaki mikono mitupu.

2. Chuo cha vipofu cha Paris

Kabla ya kuendelea, inafaa mjue kidogo habari ya mtu mwingine, Valentin Haüy. Mwaka 1771, mtu huyu alipita katika soko la sikukuu mjini Paris, akakuta vipofu wamepandishwa jukwaani. Walikuwa wamevalishwa kofia za masikio ya punda na miwani mikubwa ya karatasi. Waliambiwa wapige muziki wasioujua, na watu wote wakawacheka. Haüy aliona uchungu mwingi. Akakusudia kwamba siku moja vipofu watasoma vitabu badala ya kuchekwa.

Mwaka 1784 alimkuta kijana kipofu aliyeombaomba mlangoni mwa kanisa, jina lake François Lesueur, akaanza kumfundisha. Kijana huyu alijua kusoma upesi hata watu wakashangaa. Hapo ndipo kilipotokea chuo cha vijana vipofu cha Paris, nacho kilikuwa cha kwanza duniani.

Katika chuo hicho aliingia Louis Braille mwezi wa Februari 1819. Alikuwa na miaka kumi. Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, yenye giza na unyevunyevu, na vijana wengi waliugua kifua ndani yake. Lakini Louis alipata rafiki wa kweli, Gabriel Gauthier, naye kipofu kama yeye. Alijifunza sarufi, historia, hesabu na muziki. Alijifunza pia kazi ya mikono, kutengeneza kandambili za nyumbani, hata akawekwa kuwasimamia wenzake katika kazi hiyo. Kila mwaka alipata zawadi za masomo.

Tena hapo aliona jambo jipya. Nyumbani yeye alikuwa kipofu peke yake kati ya watu wanaoona. Hapa upofu haukuwa ajabu. Hakuna aliyemshangaa kwa kufunga viatu vyake au kujua njia yake. Kijana alipimwa kwa akili yake, bidii yake na tabia yake. Mmoja wao, Claude Montal, alifungua kinanda kibovu pamoja na mwenzake, akajifunza kwa vidole kila kamba na kila kijiti, akakitengeneza. Baadaye alikuwa fundi mashuhuri wa vinanda mjini Paris. Vijana hawa wakaanza kujiona kwa namna nyingine. Walisahau kuhesabu wanayoyakosa, wakahesabu wanayoyaweza.

Lakini jambo moja lilibaki kuwasumbua: vitabu. Haüy aliagiza kukandamiza herufi za kawaida katika karatasi nene iliyolowa, ili ziinuke na kupapaswa. Herufi zilikuwa kubwa, na kila kitabu kilikuwa kizito kama mzigo. Vitabu vya namna hiyo vilikuwa vichache sana. Msomaji alipapasa herufi moja moja, na alipofika mwisho wa neno pengine alikuwa amesahau mwanzo wake. Na kuandika? Kipofu hakuweza kuandika vile hata kidogo. Aliweza kupokea maneno ya wengine polepole, bali ya kwake hakuweza kuyaweka katika karatasi.

Kwa nini ilikuwa hivi? Kwa sababu herufi zile zilitungwa na watu wanaoona, nao waliona ni nzuri kwa macho. Hawakuuliza kidole kinapenda nini.

3. Toka nukta 12 mpaka nukta 6

Mwaka 1821 mtu mmoja, Charles Barbier, zamani afisa wa jeshi la mizinga, alileta chuoni namna mpya ya kuandika. Hakutumia herufi, alitumia nukta zilizoinuka juu ya karatasi, zinazosomeka gizani kwa kidole. Vijana wakazipapasa, wakafurahi. Kumbe kidole hutambua nukta upesi kuliko mstari!

Walakini namna ya Barbier ilikuwa na makosa. Alama moja iliweza kuwa na nukta mpaka 12, hata haikuenea chini ya ncha ya kidole. Tena ilionyesha sauti za maneno tu, haikuonyesha jinsi maneno yanavyoandikwa. Haikuwa na alama za kituo, wala tarakimu, wala muziki.

Louis alikuwa na miaka 12. Akaanza kazi yake. Mchana alikuwa na masomo kama wengine. Basi alifanya kazi usiku, wenzake walipolala. Kwa kipofu usiku na mchana ni sawasawa, hakuhitaji taa. Alipokwenda likizo Coupvray alichukua kibao chake na karatasi zake, akaendelea kutoboa. Alijaribu, akafuta, akajaribu tena, muda wa miaka mitatu hivi. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imetimia.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Fikirini mashimo sita ya mahindi, safu mbili, kila safu mashimo matatu. Hiyo ndiyo nafasi ya alama moja, nayo inaenea chini ya ncha ya kidole. Mkiweka nukta katika shimo la juu la kushoto peke yake, hiyo ni a. Mkiongeza nukta ya pili chini yake, hiyo ni b. Herufi kumi za kwanza zinatumia mashimo manne ya juu tu. Kwa herufi kumi zinazofuata, Louis alirudia zile za kwanza, akaongeza nukta moja chini kushoto. Basi a ikiongezewa nukta hiyo inakuwa k, na b inakuwa l. Kwa nukta sita tu mtu aweza kupata alama 63 mbalimbali. Zinatosha kwa herufi, vituo, tarakimu, hata muziki.

Na kalamu yake ni nini? Ni chuma kidogo chenye ncha, ndugu ya ule msharasi wa baba yake. Kipofu huweka karatasi juu ya kibao, akachoma nukta kwa nyuma toka kuume kwenda kushoto, kisha akageuza karatasi na kusoma toka kushoto kwenda kuume. Chuma kilichomnyima Louis kusoma ndicho kilichompa kuandika.

Mwaka 1829 Louis alitoa kitabu cha kueleza namna hii ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za kanisa kwa nukta. Wala hakujivunia peke yake. Katika kitabu hicho alimtaja Barbier na kumshukuru kwa kufungua njia.

4. Mwalimu na mpiga kinanda

Mwaka 1828 Louis alipewa kazi ya kuwasaidia walimu, na mwaka 1833 yeye na Gauthier wakawa walimu kamili wa chuo. Wanafunzi walimpenda, maana alifundisha kwa maneno machache na kwa upole, naye alijua mwenyewe mahali wanapojikwaa. Mjini alipiga kinanda kikubwa katika makanisa, na waamini waliimba wakifuata vidole vyake.

Hapo Louis alikuwa mtu mwenye kuridhika. Hakuridhika kwa sababu alipona, kwani hakupona. Wala si kwa sababu ya mali, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. Aliridhika kwa sababu alikuwa na kazi yake, rafiki zake, sala zake, na kwa sababu watu walimhitaji. Anayehurumiwa siku zote hupokea tu. Louis aliweza kutoa. Na mtu hujiheshimu zaidi anapoweza kutoa.

Msifikiri kwamba maisha yake yalikuwa rahisi. Alipofika miaka 26 alianza kutapika damu. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ambao siku zile haukuwa na dawa. Kwa miaka mingi alifundisha, akalala kitandani, akapata nguvu, akafundisha tena.

5. Nukta zakatazwa

Mwaka 1840 chuo kilipata mkubwa mpya, Bwana Dufau. Huyu hakupenda nukta za Louis. Alisema moyoni mwake kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watatengana na watu wanaoona, na walimu wanaoona hawataweza kuyasoma. Basi akazikataza, akaleta vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa.

Watoto, fikirini habari hii. Vijana wale walikuwa wamekwisha onja furaha ya kuandika habari zao wenyewe, na ya kusoma tena walichoandika jana. Sasa wakaambiwa waiache, warudi katika herufi zinazopendeza macho wasiyokuwa nayo. Hawakukubali. Waliandikiana kwa siri, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Kitu kilichowapa kujiona watu kamili hakikuweza kung'olewa kwa amri.

Na Louis? Hakufanya ugomvi na mkubwa wake, lakini hakuacha kazi. Alijua ya kuwa hofu ya Dufau haikuwa bure kabisa, kwa kuwa kipofu ahitaji pia kumwandikia mama yake anayeona. Hata kabla ya hapo, mwaka 1839, alikuwa ametunga namna nyingine: herufi za kawaida zinazoandikwa kwa nukta nyingi, ambazo kipofu aweza kuziandika na mwenye macho aweza kuzisoma. Kipofu mwenziwe, Pierre Foucault, akatengeneza mashine ya kuziandika upesi.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, alitazama mambo haya yote, akaona kwamba wanafunzi wana haki. Akamshauri mkubwa wake, na Dufau akakubali kubadili nia. Na hilo ni sifa kwake, maana si kila mkubwa hukubali kwamba alikosea. Mwezi wa Februari 1844, chuo kilipofungua nyumba yake mpya, watu wengi walialikwa. Guadet akaeleza nukta za Braille mbele ya wote. Mtoto mmoja kipofu alisomewa maneno, akayaandika kwa nukta. Mwingine, ambaye hakuwapo wakati wa kusomewa, akaitwa ndani. Akapitisha vidole juu ya karatasi, akayasoma yote bila kosa. Louis alikuwapo, akasikia.

6. Kufa kwake na matunda ya kazi yake

Ugonjwa ulizidi. Mwezi wa Desemba 1851 Louis alitapika damu nyingi, akajua kwamba mwisho umekaribia. Akapokea Sakramenti. Aliacha kisanduku kidogo, akaagiza kichomwe bila kufunguliwa. Walipokifungua walikuta karatasi za madeni: feza alizowakopesha wanafunzi, ambazo hakutaka walipe. Kisha wakakichoma kama alivyoagiza.

Alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku ya Epifania, sikukuu ya nyota iliyowaongoza Mamajusi. Alikuwa na miaka 43. Alizikwa Coupvray, kijijini kwake.

Mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake, maandishi yake yalikubaliwa rasmi nchini Ufaransa. Mwaka 1878, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Paris, yalichaguliwa kuwa maandishi ya vipofu wa nchi nyingi. Mwaka 1952, miaka mia baada ya kufa kwake, mwili wake ulihamishwa mpaka Panthéon, mahali pa heshima pa Paris, lakini mikono yake ilibaki Coupvray. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 4 Januari, tangu mwaka 2019 inakumbukwa duniani pote.

Kiswahili nacho huandikwa kwa nukta hizo. Louis alipopanga herufi zake hakuweka w katika mstari, maana Wafaransa hawakuihitaji katika maneno yao. Iliongezwa baadaye: ni j yenye nukta moja zaidi. Na sisi tungesemaje bila w? Tusingeweza kuandika watoto, wala mwalimu, wala mwanga.

7. Tujifunze nini?

Watu wengine husema mtoto kipofu au kiwete amelogwa, au wazazi wake wamefanya kosa. Wanafunzi wa Yezu nao walimwuliza hivyo habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana wetu aliwajibu kwamba si dhambi ya mtu yule wala ya wazazi wake. Basi tusiseme sisi yale ambayo Yezu ameyakataa. Wazee wetu pia wametuonya: hujafa hujaumbika. Louis mwenyewe alizaliwa na macho mazima.

Hatusemi kwamba upofu ni jambo jema. Louis alilipa gharama kubwa, na mlango mmoja mmoja alifunguliwa na wengine: baba mwenye ubao wa misumari, paroko mwenye subira, mwalimu wa kijiji aliyempa nafasi bancini. Bila hao, akili yake ingebaki gizani kuliko macho yake.

Kwa hiyo, akiwapo darasani kwenu mwenzenu asiyeona, au asiyesikia, au anayetembea kwa magongo, msimcheke. Wala msimhurumie tu na kupita. Mwulizeni anataka kufanya nini, kisha mpeni nafasi ya kukifanya kwa njia yake. Na wewe unayesoma haya, ukiwa na kilema chako, usijipime kwa macho ya wanaopita sokoni. Mungu aliyekupa akili na mikono anakungojea uvitumie.

Maswali

1. Louis alipofukaje? Wazazi wake walifanya nini baada ya hapo?
2. Kwa nini vitabu vya Haüy havikuwafaa vipofu?
3. Nukta za Barbier zilikuwa na makosa gani?
4. Chora nafasi ya nukta sita, uonyeshe herufi a, b, k na l.
5. Dufau aliogopa nini? Wanafunzi walifanya nini?
6. Kwa nini Louis aliridhika na maisha yake, ingawa alikuwa kipofu na mgonjwa?
7. Je, karibu na kwenu yuko mtoto mwenye kilema asiyekuja masomoni? Mngefanya nini ili apate nafasi?